Siku za Mwiba

Kila siku nikitoka shule nilipitia nyumbani, nikavua sare, nikala kilichokuwa kimefunikwa mezani, kisha nikaenda saluni kwa shangazi. Ni chumba kimoja chenye kioo kirefu ukutani, viti vitatu, sinki moja na drayer mbili za kofia za kukaushia nywele. Moja nzima, na nyingine haiwaki mpaka uipige kofi. Kazi yangu ilikuwa kufagia nywele, kuosha vitana na kufua taulo. Wateja waliniita Redio, kwa kuwa nikishafunguliwa nilikuwa sizimiki. Jina hilo nililipenda sana wakati ule.

Shangazi, dada yake baba, ndiye aliyenilea tangu nikiwa darasa la pili. Alikuwa na sharti moja ambalo hakumlegezea mtu yeyote: kichwa kilichofumuliwa misuko hakipakwi dawa ya kunyoosha nywele mpaka zipite siku saba. Kufumua kunachubua ngozi, alisema, na dawa ile ikikuta mchubuko inaunguza kama maji ya moto. Kila mteja wa dawa aliulizwa kwanza amefumua lini na amejikuna wapi. Asiyejibu vizuri alirudishwa kwao, hata awe amekuja na mvua.

Nyumbani lakini nilikuwa naishi na shangazi wawili ndani ya mtu mmoja. Wa kwanza aliimba akipika, alijua majina ya watoto wa wateja wake wote, na akinikuta nimelala bila shuka alinifunika. Wa pili hakutaka kelele wala kuketi na mtu. Salamu aliijibu kwa shida, na kijiko kikianguka jikoni ungedhani umemwangushia yeye utosini. Siku moja alinifokea kwa ajili ya kipande cha sabuni mpaka nikalia. Jioni alikuja mwenyewe kuniomba radhi. "Sijui nilipatwa na nini," aliniambia, na nikaona kwamba hajui kweli.

Mwaka ule, nikiwa msichana wa miaka kumi na mitatu, Mwalimu wa Sayansi alitufundisha mambo ya balehe. Wavulana wa nyuma walicheka mpaka akawaahidi kuwahamishia mbele. Alichora duara ubaoni, akaligawa siku ishirini na nane. Alieleza kwamba ndani ya mwili wa mwanamke kuna homoni, kemikali zinazosafiri kwenye damu, nazo hupanda na kushuka kila mwezi. Katikati ya mzunguko wanawake wengine hujisikia wepesi, wakapenda watu na mazungumzo. Siku chache kabla ya hedhi, homoni zikishuka, wengine huwa wazito, machozi yako karibu, hasira iko karibu zaidi, na wanataka kuachwa peke yao.

"Nimesema wengine," alirudia. "Wapo wasiosikia chochote, na hata kwa mtu mmoja miezi haifanani. Mmenielewa?"

Tuliitikia kwa pamoja kwamba tumeelewa. Mimi nilikuwa nimeshaacha kusikiliza. Nilikuwa nawaza kipande cha sabuni.

Nyuma ya saluni kuna chumba kidogo cha taulo na makopo, na ukutani kulikuwa na kalenda ya duka la rangi. Nikaanza kuweka alama kwa penseli. Siku shangazi akiimba, nukta. Siku akinyamaza au akifoka, msalaba. Miezi mitatu baadaye misalaba ilikuwa imekaa mafungu, siku nne au tano kila mwezi, karibu sawa na duara la ubaoni. Niliona nimegundua dunia. Nilingoja nukta, nikamwomba viatu vipya, akanipa bila kuuliza maswali. Hapo nikajiona mwerevu kuliko watu wazima wote wa mtaa wetu.

Siri yenyewe ilinishinda kukaa nayo. Nilimwonyesha Dada Rola, msaidizi wa shangazi, msichana aliyejulikana kwa jina hilo kwa ufundi wake wa kuzungusha rola kichwani. Alicheka mpaka akajishika mbavu. "Kumbe ana ratiba," alisema. Yeye ndiye aliyeziita siku za msalaba siku za mwiba.

Tangu hapo neno la shangazi likakosa uzito. Akisema sakafu ina maji mtu atateleza, Dada Rola alinikonyeza, mwiba huo. Akisema taulo zinanuka, mwiba. Taulo zilikuwa zinanuka kweli. Niliianua mimi kamba nzima kabla hazijakauka. Lakini ilikuwa raha iliyoje kukonyezwa na dada mkubwa, na kuwa na jibu moja la kila lawama.

Ijumaa moja, saa kumi jioni, shangazi alikuwa ametoka kununua mafuta ya nywele duka la jumla. Wateja walikuwa watatu na msaidizi mmoja. Akaingia Mwalimu wa Sayansi mwenyewe, kitambaa kichwani. Jumatatu alikuwa na usaili wa kuwa mwalimu mkuu msaidizi, akataka nywele zinyooke, zilale, aonekane mtu wa ofisi. Nilimsalimia shikamoo, nikamvutia kiti, nikamletea gazeti. Nilijisikia mwenyeji mkubwa.

Alipovua kitambaa, nywele zilikuwa bado zina mawimbi. Mtoto wa saluni anajua mawimbi yale: misuko imefumuliwa jana, labda usiku. Dada Rola naye alijua. Hakuuliza kitu. Alinituma kopo la krimu na chupa ya maji ya dawa, akachanganya pale sinki, nyuma ya mgongo wa Mwalimu, huku macho yake yako kwa mteja wa drayer. Kijiko cha kupimia kilikuwa kimening'inia mbele yake, hakukigusa. Alimimina kwa kukisia. Niliona yote hayo nikiwa nimeshika ufagio, nikapiga domo la shule na Mwalimu.

Shangazi alirudi dawa ikiwa imeshapakwa kichwa kizima. Hakusalimia. Aliweka mfuko chini, akakaza macho kwenye kioo, akasogea, akatenganisha nywele kwa kidole karibu na sikio.

"Huyu amefumua lini?"

"Mama, tuko kwenye kazi," Dada Rola alisema.

"Nimeuliza amefumua lini. Mpeleke sinki. Muoshe sasa hivi."

Sauti yake ilikwaruza, na wateja wote waligeuka. Dada Rola hakusogea. Aliinama kwenye sikio la Mwalimu, lakini kwa sauti ya kusikika na kila mtu. "Usijali, Mwalimu. Mama ana tarehe zake, hata mtoto anazijua." Kisha akanigeukia mimi. "Redio, leo ni mwiba au si mwiba?"

Mpaka leo nayasikia yale niliyojibu. Mwalimu wangu alikuwa ananiangalia kwenye kioo, nami nilitaka aone kwamba nilimwelewa vizuri darasani.

"Ni mwiba," nilisema. "Siku ya pili."

Mwalimu alicheka kidogo. "Kumbe somo limeingia," alisema.

Shangazi alituangalia mmoja mmoja. Mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye bomba, akaurudisha. Aliuliza tarehe gani, na Dada Rola akaonyesha kwa kidole mlango wa nyuma. Akaenda chumba cha nyuma. Nilimfuata kwa macho, nikamwona amesimama mbele ya kalenda, kidole kinatembea kwenye misalaba yangu, mwezi baada ya mwezi. Halafu akakaa juu ya furushi la taulo. Hakutoka.

Dakika kumi baadaye Mwalimu alisema inawasha. Dada Rola akamwambia avumilie, ndivyo inavyoshika. Mwalimu alipoanza kupiga kelele tukamkimbiza sinki, na maji yalipopita, nywele zilitoka na maji. Nyuma ya sikio na kwenye kisogo ngozi ilikuwa imevimba, imechunika, inatoa majimaji. Shangazi alitoka mbio, akaosha mwenyewe kwa robo saa nzima bila kufumba mdomo, anamwomba msamaha mteja ambaye si yeye aliyemkosea. Kisha akamkodishia gari hadi zahanati, wakaondoka pamoja.

Tulipobaki wawili, Dada Rola alinishika bega. "Sikiliza. Mama ndiye aliyechanganya. Alichanganya kwa hasira kabla hajatoka, akajua amekosea, ndiyo maana alirudi anafoka. Ukisema vingine, nitasema wewe ndiye uliyemzuia Mwalimu asioshwe. Si ulisema mwenyewe, mbele ya watu?"

Nilikuwa nimesema. Usiku kucha niliona kichwa cha Mwalimu na nikaamini nimekiunguza mimi.

Mtaa haukuchelewa. Kufika Jumapili, kila aliyepita alijua kwamba mama wa saluni amemwunguza mwalimu kwa hasira za mwezi. Wanawake waliokuwa wakikaa pale tangu asubuhi kwa maongezi tu, bila hata kusuka, walipita upande wa pili wa barabara. Jumatatu hakuja mteja. Jumanne alikuja mmoja, akauliza nani anachanganya dawa siku hizi, akaaga. Mwalimu alikwenda kwenye usaili na bandeji na kitambaa. Hakuipata nafasi ile, na hakusema kama ni kwa ajili ya kichwa. Alichosema ni kwamba ameandika malalamiko, na kwamba Alhamisi afisa wa afya angekuja saluni. Akimkuta shangazi na kosa, angefunga mlango.

Jumanne jioni shangazi aliniita jikoni. Hakuwa amekasirika. Afadhali angekuwa amekasirika.

"Wewe ulikuwepo," alisema. "Nataka twende kwa Mwalimu, useme ulichokiona. Nani alichanganya?"

"Sikuona, shangazi."

"Ulikuwa umeshika ufagio pale pale."

"Nilikuwa nafagia. Sikuona."

Alitikisa kichwa kama mtu aliyesikia bei asiyoiweza. "Haya. Kalale," alisema. Nilikwenda kulala na kusikia akiosha vyombo ambavyo nilikuwa nimeshaviosha.

Jumatano Mwalimu alifundisha akiwa amekaa. Kitambaa kilikuwa kimefungwa kwa uangalifu, lakini nyuma ya sikio dawa ya zahanati ilikuwa imepenya, ikaacha doa la njano. Aliandika ubaoni kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukishikilia shingo. Mvulana mmoja wa nyuma alinong'ona kwa jirani yake kwamba leo Mwalimu yuko kwenye zile siku, na kundi lote likacheka. Mwalimu alisikia. Alikuwa na kidonda kinachouma, aliunguzwa, alikosa kazi, na watu walikuwa wanacheka tarehe. Maneno yale yalikuwa yangu. Mimi ndiye niliyeyauza.

Kengele ilipolia nilimfuata hadi ofisi ya walimu. Alikuwa peke yake, anameza kidonge.

"Mwalimu, shangazi hakuchanganya dawa," nilisema. "Alikuwa dukani. Alichanganya Dada Rola, bila kijiko. Nilimletea kopo mimi. Na niliona umefumua jana yake, nikanyamaza. Halafu nikasema ni mwiba."

Sikumbuki kama nilivuta pumzi. Nilimweleza kalenda, viatu, kukonyezana, na uongo wa jikoni. Nilitegemea anifukuze. Aliweka glasi mezani, akanivutia kiti.

"Nami nilicheka," alisema. "Umesahau hiyo. Mtu alinikazia macho, akaona ngozi yangu, akasema nioshwe. Nikacheka, kwa sababu mtoto wa darasa la saba ameniambia mama huyu ana tarehe zake. Mimi, mwalimu wa sayansi." Aligusa shingo, akakunja uso. "Yale niliyowafundisha ni ya kweli. Homoni zinaweza kumfanya mtu awe mkali, zikamfanya ajitenge. Zinabadilisha sauti yake. Hazimpofushi macho. Shangazi yako alikuwa mkali na alikuwa sahihi, kwa pamoja. Hilo sikuwafundisha, kwa sababu nilidhani kila mtu analijua."

"Utamwandikia afisa wa afya?"

"Nitamwandikia. Lakini kwanza tutakwenda kwa shangazi yako. Utasema mbele yake, na mbele ya huyo dada. Mimi sitakusemea."

Tulimkuta shangazi anafuta kioo kisichokuwa na uchafu. Dada Rola alikuwa amekaa kwenye kiti cha mteja, anajipaka rangi ya kucha. Nilisema. Safari hii haikuwa kwa mbio kama ofisini. Kila neno lilikuwa linakwama. Nilipofika kwenye kijiko cha kupimia, Dada Rola alifunga chupa yake ya rangi.

"Nilikuwa na wateja watatu peke yangu," alisema. "Na huyu mtoto ndiye aliyeleta habari za tarehe. Mimi nilicheka tu."

"Ulicheka na ukanisingizia," shangazi alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini kabisa. "Kosa la dawa ningekusaidia kulibeba. Mimi pia nimewahi kuunguza kichwa nikiwa kijana. Kesho utamweleza afisa. Ukimaliza, chukua rola zako uende."

Afisa alikuja Alhamisi. Alisikiliza kila mtu, akaandika karatasi mbili, akaamuru kijiko kitundikwe na maswali ya mteja yabandikwe mahali pa kuonekana, akatoa onyo. Hakufunga mlango. Dada Rola alieleza yake huku akitazama sakafu, akaondoka bila kuniaga. Mwalimu alizunguka kwa wanawake wa mtaa kuwaambia ukweli, na wengi walirudi. Siyo wote. Wawili waliokuwa marafiki wa shangazi tangu ujana wao hawajarudi mpaka leo. Watu wakishazoea kumwona mtu kichaa wa tarehe, ni vigumu kuwanyang'anya mazoea hayo. Nyuma ya sikio la Mwalimu pamebaki kipande kisichoota nywele.

Alhamisi ile jioni, wateja wakiwa wameondoka, shangazi aliniambia nikae. Nilikaa. Alikaa kiti cha pili, sote tumekielekea kioo, tukawa tunazungumza na sura zetu.

"Wewe hukukosea kuhesabu," alisema. "Ni kweli nina siku ngumu. Mwenyewe nilikuwa sizijui, nilidhani nina roho mbaya. Mwalimu ameniambia zahanati wanaweza kunisaidia, na Jumatatu nitakwenda. Ungekuja kwangu na ile kalenda, ukasema, shangazi, nadhani siku hizi zinakusumbua, ningekushukuru. Ungekuwa umenifanyia jambo ambalo mama yangu mzazi hakunifanyia. Wewe ulikwenda nayo kwa watu, mkapata kicheko."

Redio ilikuwa imezimika.

"Unajua kwa nini sikumwosha Mwalimu kwa nguvu? Saluni ni yangu, bomba ni langu. Ningemshika mkono nikampeleka." Alinitazama kwenye kioo. "Uliposema siku ya pili, nilijiuliza kama ni kweli naona mchubuko, au ni hasira tu. Nilikumbuka ile sabuni. Nikasema, labda nimekosea tena. Nimefanya kazi ya nywele miaka kumi na tisa, nikakaa kwenye furushi la taulo, sijui kama naweza kuyaamini macho yangu. Hicho ndicho mlichoniibia. Wateja watarudi. Hicho sijui."

Nililia. Hakunizuia, na hakunifuta machozi.

"Wewe pia utaanza, labda mwaka huu," aliendelea. "Zitakuja siku utakazotaka kujifungia chumbani, na siku utakazotaka kuongea na dunia nzima. Zote ni zako, hakuna ya aibu. Ukimfokea mtu bila kosa, muombe radhi, kama nilivyokuomba mimi. Lakini mtu akikwambia kuna hatari, hata akisema kwa kufoka, tazama kwanza anachokuonyesha. Kama hakipo, ndipo umuulize anaumwa wapi. Na ukiona kosa, sema siku ile ile. Ungesema Ijumaa, mwalimu wako angekuwa na nywele zake."

"Shangazi, umenisamehe?"

Alifikiri. Nilimwona anafikiri kweli, hakutafuta jibu la kunibembeleza.

"Bado," alisema. "Nitakwambia mwenyewe nikikusamehe. Nenda kaanue taulo."

Zilipita wiki saba ndipo akaniambia.